Slaidi Haijakamilika Mpaka Ifunguke Kwenye Simu ya Mwenzako

Wiki hii mwalimu mmoja wa sekondari ameniandikia akiwa amevunjika moyo. Alipewa mada ya kuwasilisha kwenye semina ya walimu wa somo lake, akajifunza mwenyewe Google Slides, programu ya Google ya kutengenezea slaidi mtandaoni, akatengeneza slaidi 22, na usiku wa kuamkia semina akatupia linki kwenye kundi la WhatsApp ili wenzake wazipitie mapema. Hakuna aliyefungua. Kila aliyebofya alikutana na maneno "You need access", na kwa mwalimu mwenyewe barua pepe za kuomba ruhusa zikaanza kumiminika. Akahitimisha kwamba programu ni mbovu, au kwamba yeye hana kichwa cha mambo haya. Yote mawili si kweli. Mafunzo mengi ya slaidi huishia kwenye kutengeneza, na kutuma huachwa kana kwamba kutajitengeneza kwenyewe. Kumbe huko ndiko kazi nyingi nzuri huharibikia.

Majina ya vitufe nitayaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana wengi wetu programu hii tunaitumia ikiwa ya Kiingereza, na ukitafuta jina nililolitafsiri mimi hutaliona popote.

Jibu la mwalimu kwanza. Kila faili jipya la Google Slides huzaliwa limefungwa, mwenye akaunti iliyolitengeneza ndiye pekee anayeliona. Kunakili anwani iliyo juu ya kivinjari na kuibandika WhatsApp si kumpa mtu ruhusa. Ni kumwelekeza mgeni nyumba ilipo bila kumfungulia geti. Ruhusa hutolewa kwenye kitufe cha "Share" kilicho juu upande wa kulia. Kibofye, shuka hadi sehemu ya "General access", na hapo utakuta pameandikwa "Restricted". Badilisha iwe "Anyone with the link", kisha kwenye mstari huohuo, kulia, hakikisha pameandikwa "Viewer", yaani mtazamaji tu. Bofya "Copy link", halafu "Done". Linki ileile iliyokwisha kutumwa kwenye kundi itaanza kufunguka. Huna haja ya kutuma nyingine, na wale walioomba ruhusa kwa barua pepe hawahitaji kujibiwa mmoja mmoja.

Kisha jaribu. Wengi hujidanganya hapa: wanabofya linki yao wenyewe, kwenye kompyuta yao wenyewe, inafunguka, wanaridhika. Itaachaje kufunguka wakati kivinjari kinakutambua kuwa wewe ndiye mwenye mali? Fungua dirisha fiche kwa Ctrl+Shift+N ukiwa kwenye Chrome, bandika linki humo. Dirisha hilo halijui wewe ni nani, kwa hiyo utakachokiona ndicho watakachokiona wengine. Jaribio hili ni la nusu dakika, na lingemwepusha mwalimu wetu na usiku mbaya.

Kuna hali moja ambayo hatua hizo hazitoshi. Kama slaidi umezitengeneza kwa akaunti ya shule, chuo au ofisi, msimamizi wa akaunti hizo anaweza kuwa amezuia kutoa faili nje ya taasisi. Utaona jina la taasisi yako kwenye orodha, lakini "Anyone with the link" haipo au haikubali kuchaguliwa. Ukituma linki hiyo, wenye akaunti za taasisi watafungua na wenye Gmail za kawaida watakwama, nawe utabaki unashangaa mbona nusu ya watu wanalalamika na nusu wako kimya. Usipoteze muda kupambana na mpangilio usio wako. Pakua PDF uitume hiyo, au pakua PPTX, yaani faili la PowerPoint, uipakie kwenye akaunti yako binafsi na utoe linki kutoka huko.

Halafu kuna wanaokimbilia "Editor", ruhusa ya kubadilisha kila kitu, ili tu kelele za ruhusa ziishe. Usifanye hivyo kwenye kundi. Mtu akifungua kwenye simu, kidole kikateleza, kichwa cha slaidi ya tatu kinaburutwa kwenda nje ya ukurasa, na mfumo unahifadhi papo hapo bila kuuliza. Kwa kuwa ameingia kwa linki, jina lake halionekani. Utaona tu alama ya mnyama na neno "Anonymous". Ikishatokea, nenda "File", kisha "Version history", kisha "See version history", chagua saa ya kabla ya uharibifu, bofya "Restore this version". Kazi itarudi yote. Lakini ni afadhali mlango usiachwe wazi tangu mwanzo. Msimamizi wako wa utafiti au mwenzako unayetaka maoni yake mpe "Commenter", na umuweke kwa barua pepe yake mwenyewe. Slaidi hazina ule utaratibu wa Google Docs wa kupendekeza marekebisho yakasubiri ukubali au ukatae. Ukimpa mtu "Editor", anachofuta kimefutika kweli.

Linki moja, mikia minne

Hili ningependa kila mwalimu, kila mwanafunzi na kila katibu wa kikundi alijue, kwa sababu halihitaji programu yoyote ya ziada. Tazama mwisho wa linki yako. Baada ya ile mistari mirefu ya herufi na namba kuna neno "edit", na pengine maneno mengine baada yake. Futa kuanzia "edit" mpaka mwisho, kisha andika mojawapo ya haya.

Ukiandika "present", anayebofya kwenye kompyuta ataingia moja kwa moja kwenye onyesho la skrini nzima, bila menyu wala vitufe vya kuhariri. Inafaa unapotumia kompyuta ya ukumbini: unafungua linki tu, akaunti yako huigusi. Ukiandika "preview", ataona slaidi kwa utulivu ndani ya kivinjari. Ukiandika "copy", ataulizwa kama anataka kutengeneza nakala yake. Hii ndiyo ya kuwapa walimu wenzako wanaotaka kuubadilisha mfano wako, maana kila mmoja anaharibu au anapendezesha nakala yake na ya kwako inabaki salama. Atahitaji kuwa ameingia kwenye akaunti ya Google.

Wa nne ndio ninaoupenda zaidi: "export/pdf". Anayebofya anapakua PDF papo hapo, bila akaunti na bila programu ya Slides kwenye simu. Na uzuri wake ni kwamba PDF hiyo hutengenezwa wakati ule anapobofya. Ukirekebisha kosa saa 2 asubuhi, atakayebofya saa 3 anapata iliyorekebishwa. Ukilinganisha na kutuma faili la PDF kwenye kundi, ukagundua kosa, ukatuma jingine, kisha la tatu lenye jina la "mwisho kabisa", utaona kwa nini watu kwenye semina hushika karatasi zisizofanana. Mikia yote hii inategemea ruhusa uliyotoa pale juu. Faili likiwa bado "Restricted", hakuna mkia utakaosaidia.

Mtego wa PDF ni mwendo. Slaidi yenye vitu vinavyotokea kimoja baada ya kingine juu ya nafasi ileile, ikigeuzwa PDF, vyote vinaonekana kwa pamoja vimelaliana, na msomaji haelewi kitu. Video inakuwa picha iliyoganda. Kwa hiyo kama unajua slaidi zitasomwa kwenye simu, acha kutumia "Animate". Tengeneza slaidi ya kwanza yenye hoja moja, irudufu kwa Ctrl+D, ongeza hoja ya pili kwenye nakala, irudufu tena, ongeza ya tatu. Ukumbini itaonekana kama hoja zinajitokeza, na kwenye PDF kila hatua ina ukurasa wake.

Ukubwa wa ukurasa kabla ya herufi ya kwanza

Sasa turudi kwenye kutengeneza. Andika slides.new kwenye kivinjari ukiwa umeingia kwenye akaunti yako, na faili jipya litafunguka. Usiandike chochote bado. Nenda "File", kisha "Page setup". Chaguo-msingi ni 16:9, yaani ukurasa wa sentimita 25.4 kwa 14.29. Unafaa kwa televisheni na projekta mpya. Lakini kumbi nyingi bado zina projekta za zamani zenye umbo la 4:3, pikseli 1024 kwa 768. Slaidi ya 16:9 kwenye projekta hiyo itatumia pikseli 576 tu za kimo kati ya 768, robo nzima ya picha inakuwa giza juu na chini, na nafasi ya kuandikia inapungua kwa kiasi hicho. Muulize mwenyeji wako ana projekta gani. Kama ni mabango au vipeperushi vya kuchapishwa, chagua "Custom" uweke 21 kwa 29.7 upate A4 ya kusimama.

Sababu ya kufanya hivi mwanzo ni kwamba ukibadilisha ukubwa baada ya kupanga slaidi 22, masanduku na picha huhama, mengine hutoka nje ya ukurasa, nawe utayarudisha moja moja.

Hatua ya pili ambayo wanaoanza huiruka ni "View", kisha "Theme builder". Hapo ndipo unapoweka fonti, ukubwa na rangi mara moja, na kila slaidi inafuata. Lakini itafuata kwa sharti moja: maandishi yako yawe kwenye masanduku yaliyokuja na mpangilio, yale yaliyoandikwa "Click to add title" na "Click to add text". Ukizoea kuchukua slaidi tupu na kuchora masanduku yako mwenyewe, mfumo hauyatambui kuwa ni kichwa au mwili. Siku ukitaka kubadilisha rangi ya vichwa vyote, utakaa nayo saa nzima. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo linalotenganisha anayemaliza slaidi kwa jioni moja na anayekesha.

Herufi: hapa sitalegeza. Kichwa kisipungue ukubwa wa 32, mwili usipungue 24. Wengi huweka 14 kwa sababu kwenye kompyuta yao, wakiwa wameinamia skrini, 14 inasomeka vizuri. Piga hesabu ya simu. Ukurasa una upana wa sentimita 25.4. Simu iliyoshikwa wima ina upana wa kama sentimita 7. Slaidi inapungua zaidi ya mara tatu na nusu. Herufi ya 24 inakuwa kama 6.6, ndogo lakini inasomeka. Ile ya 14 inashuka chini ya 4, na msomaji wako inabidi avute kwa vidole viwili, aende kulia, arudi kushoto, mpaka achoke. Akichoka anafunga, na hutajua.

Ukumbini nako kuna hesabu yake, nayo ni rahisi. Chukua umbali wa kiti cha mwisho ugawe kwa kimo cha picha ukutani. Picha ya kimo cha mita 1.2 na kiti cha mwisho mita 12, unapata 10. Sasa kimo cha skrini ya laptopu ya inchi 14 ni kama sentimita 17. Zidisha kwa 10, unapata mita 1.7. Weka slaidi skrini nzima, simama mita 1.7 kutoka kwenye laptopu, na usome. Usichoweza kusoma ukiwa hapo, mtu wa kiti cha mwisho hakisomi. Kifute au kikuze.

Kuhusu rangi, jambo moja tu: projekta haiwezi kurusha weusi. Sehemu nyeusi ya slaidi ni sehemu ambayo projekta haikutupa mwanga, kwa hiyo itakuwa na rangi ya ukuta wenyewe. Kwenye darasa lisilo na mapazia, saa 5 asubuhi, ukuta unang'aa kwa jua na usuli wako mweusi wa kupendeza unageuka kijivu hafifu chenye maandishi hafifu. Tumia herufi nyeusi juu ya nyeupe. Njano juu ya nyeupe iache kabisa, mchana au usiku.

Mkiandika kwa Kiswahili, mistari myekundu itajaa chini ya kila neno kwa sababu programu inakagua Kiingereza. Nenda "Tools", "Spelling", uondoe alama kwenye "Underline errors". Kwenye simu ni muhimu zaidi kuongeza Kiswahili kwenye kibodi ya Gboard, la sivyo maneno yako yatageuzwa kimyakimya na utayagundua yakiwa ukutani mbele ya watu.

Picha ndizo zinazomaliza bando

Picha moja iliyopigwa na simu ya siku hizi mara nyingi ina MB 3 hadi 5. Picha 12 za MB 4 ni MB 48 za kupakia tu. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hiyo si hesabu ndogo. Skrini na projekta hazihitaji picha kubwa hivyo. Pikseli 1,600 za upana zinatosha kujaza slaidi nzima, na picha ya namna hiyo huwa na chini ya MB 1.

Njia nyepesi kuliko zote ni WhatsApp. Jitumie picha mwenyewe kwa ubora wa kawaida, si HD, kisha ihifadhi na uitumie hiyo. WhatsApp itakuwa imeshaipunguza. Lakini usiipitishe huko picha ya jedwali au ya ukurasa wa kitabu, maana herufi ndogo hutoka na ukungu. Hizo zitume kama "Document" ili zifike kama zilivyo. Na kama simu yako ina hali ya kupiga kwa megapikseli 50 au 108, izime kabla ya kupiga picha za slaidi: Google Slides hukataa picha inayozidi megapikseli 25 au MB 50, na wengi hudhani mtandao ndio mbaya.

Majedwali na chati usiyapige picha kabisa. Weka namba zako kwenye Google Sheets, tengeneza chati huko, kisha kwenye slaidi nenda "Insert", "Chart", "From Sheets". Ukibadilisha namba, kitufe cha "Update" kitatokea juu ya chati. Kibofye na chati inajirekebisha. Wanaotazama slaidi wataiona chati hata kama hawana ruhusa ya kufungua jedwali lenyewe, hivyo orodha ya alama za wanafunzi wako inabaki kwako.

Mazoea ya kwenda na linki peke yake

Hapa ndipo ninapokasirika kidogo na mafunzo mengi yaliyoko mtandaoni, kwa sababu yameandikwa na watu wasiowahi kukatiwa umeme katikati ya sentensi. Programu ya mtandaoni haikuondolei wajibu wa kubeba faili. Usiende kuwasilisha ukiwa na linki tu.

Nyumbani, ukiwa na mtandao, nenda "File", "Download". Pakua PPTX, kisha PDF. Yaweke yote mawili kwenye flashi, na PDF uiweke pia kwenye simu. PPTX ni ya kompyuta yenye PowerPoint. PDF ni ya kompyuta yoyote. Baada ya kupakua, fungua PPTX kwenye PowerPoint halisi uone imekuwaje, maana fonti ndizo zitakazokuumbua. Fonti nzuri ulizochagua kwenye Google, kama Montserrat au Lobster, hazipo kwenye kompyuta nyingi za Windows. Kompyuta itaweka fonti nyingine badala yake, na ikiwa ni pana zaidi, mstari uliokuwa mmoja unakuwa miwili, unamwagika nje ya sanduku, unafunika picha. Ukijua utawasilisha kwenye kompyuta ya watu, tumia Arial, Georgia au Verdana tangu mwanzo.

Video uliyoiingiza kutoka YouTube haitacheza bila mtandao, iwe kwenye PPTX au popote. Kama ni ya lazima, ibebe kama faili pembeni, ukiwa na haki ya kuitumia. Sauti nayo ina lake: waya wa VGA, ule wa plagi ya buluu yenye skrubu mbili, unapeleka picha tu, haupeleki sauti. HDMI unapeleka vyote. Laptopu nyingi mpya hazina VGA, na projekta nyingi za zamani hazina HDMI, kwa hiyo adapta ya HDMI kwenda VGA ikae kwenye begi lako pamoja na flashi.

Kutumia bila mtandao kwenye kompyuta yako mwenyewe kunawezekana kwa Chrome au Edge. Sakinisha kiendelezi cha Google Docs Offline, ingia Google Drive, ghala la mtandaoni yanakokaa mafaili yako, fungua mipangilio kwenye alama ya gia, weka tiki kwenye "Offline". Kisha kwenye faili lenyewe bofya "File", "Make available offline". Kwenye simu ni nukta tatu pembeni ya faili na maneno hayohayo. Yote haya hufanyika mtandao ukiwepo. Ukikumbuka ukiwa tayari kwenye basi huna bando, umechelewa.

Kwenye kompyuta ya ukumbini au ya mgahawa wa intaneti usiingize nywila yako. Linki yenye mkia wa "present" inatosha. Ikiwa umelazimika kuingia na ukaondoka bila kutoka, fungua mipangilio ya akaunti yako ya Google kwenye simu, sehemu ya "Security", tazama vifaa vyako, chagua kompyuta ile, utoke kutoka hapohapo. Na kama umeweka uthibitishaji wa hatua mbili, jambo ambalo kila mtu anapaswa kuwa nalo, kumbuka kwamba kuingia kwenye kompyuta mpya kutaitaka simu yako. Simu ikiwa haina chaji, huenda akaunti isifunguke.

Wakati wa kuwasilisha

Ctrl+F5 inaanzisha onyesho. Ukitaka uone maelezo yako ya pembeni bila wasikilizaji kuyaona, bofya mshale ulio kando ya "Slideshow" uchague "Presenter view". Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua "Extend", kisha buruta dirisha la slaidi kwenda upande wa projekta na lile la maelezo libaki kwako. Watu wengi huacha "Duplicate" na maelezo yao ya siri yanasomwa na ukumbi mzima.

Mtu akiuliza swali kuhusu slaidi ya 7, usirudi nyuma moja moja ukipeperusha kurasa mbele ya macho ya watu. Andika 7, bonyeza Enter. Ukitaka wakusikilize wewe na si ukuta, bonyeza B na skrini inakuwa nyeusi. Bonyeza tena na inarudi. L inaleta nukta nyekundu ya kuonyeshea. Vitufe hivi vitatu ni vya dakika tano za mazoezi, navyo vinamfanya mtu aonekane ana umri mrefu kwenye kazi hii.

Kwenye Google Meet, chagua kuonyesha kichupo cha Chrome chenye slaidi, si skrini nzima. Kwanza sauti ya video itapita. Pili, ujumbe wa WhatsApp Web hautatokea katikati ya mada yako.

Kwa anayeuliza kama atumie Canva au PowerPoint ya mtandaoni badala yake: zote zinafaa. PowerPoint ndiyo kongwe, iko tangu 1987, na toleo lake la mtandaoni ni bure kwa mwenye akaunti ya Microsoft, likiwa na GB 5 za kuhifadhia. Canva inapendeza zaidi kwa mabango, ila ukipakua PPTX kutoka huko tatizo la fonti ni lilelile. Google ninaiweka mbele kwa sababu karibu kila simu ya Android tayari ina akaunti yake, na unapewa GB 15 bure, zikigawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos. Tangu 2021 slaidi mpya nazo zinahesabiwa ndani ya hizo 15, kwa hiyo akaunti iliyojaa picha za harusi itakataa kutengeneza slaidi mpya. Safisha Photos kwanza kabla ya kulaumu programu.

Na kwa wanafunzi wa vyuo mnaomaliza mwaka huu, slaidi zenu zikiwa kwenye akaunti za chuo: akaunti hizo zinaweza kufungwa baada ya kuhitimu, na linki zote mlizowahi kugawa zitakufa pamoja nazo. Umiliki wa faili hauhamishiki kutoka akaunti ya chuo kwenda Gmail binafsi. Kinachowezekana ni nakala. Shiriki faili na Gmail yako ukiwa bado unaweza kuingia, kisha ukiwa kwenye Gmail lifungue ubofye "File", "Make a copy", "Entire presentation", na uweke tiki ya kunakili maoni kama unayahitaji. Kama chuo kimezuia kutoa nje, pakua PPTX uipakie upya kwenye Drive yako. Historia ya matoleo haihami na nakala, kwa hiyo kama kuna toleo la zamani unalolitegemea, lifungue kwenye "Version history", bofya nukta tatu pembeni yake, ulinakili kama faili linalojitegemea kabla ya kuondoka.